KIBARUA WA MSIMU NAYE NI MFANYAKAZI

Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa Njisi, Wilaya ya Kyela, mbele ya viongozi wa vijiji, walimu, wakulima na vijana.



Mmenipa heshima kubwa kwa kunitaka nizungumze nanyi juu ya mafunzo ya kazi na huduma kwa vibarua wa msimu pamoja na jamaa zao. Jambo hili halizungumzwi mara nyingi. Tunapozungumza juu ya kilimo, hutaja mbegu, mbolea, bei na soko. Tunapozungumza juu ya wafanyakazi, humtaja mtu wa kiwandani, wa ofisini na wa bandarini. Katikati ya hawa yuko mtu ambaye hahesabiwi kuwa mkulima, kwa kuwa shamba analolilima si lake. Wala hahesabiwi kuwa mfanyakazi, kwa kuwa kazi yake hudumu majuma machache tu. Huyo ndiye kibarua wa msimu.

Neno nililo nalo kwenu leo ni moja, nami nitalieleza kwa mapana. Mafunzo yetu, sheria zetu na huduma zetu nyingi zimejengwa kwa ajili ya mtu anayekaa mahali pamoja. Kibarua wa msimu hakai mahali pamoja. Matokeo yake ni kwamba kila kilichoandaliwa kwa ajili ya wananchi humpita kando, si kwa sababu kuna mtu aliyekusudia kumnyima, ila kwa sababu hakuna aliyemkumbuka wakati wa kupanga. Mtu mwenye njaa hawezi kuisimamisha njaa yake ili asubiri mafunzo. Kwa hiyo hapana budi mafunzo yamfuate yeye alipo.

Kibarua ni nani hapa Njisi

Njisi ni mahali panapofaa sana kuzungumzia jambo hili. Tuko ukingoni mwa Mto Songwe, karibu na Kasumulu, na ng'ambo yetu ni Malawi. Bonde hili linanyweshwa na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, na Kyela ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kabisa nchini. Mpunga wetu unajulikana kila soko la nchi hii. Kakao yetu hupelekwa ng'ambo. Michikichi yetu hutupa mawese.

Lakini rutuba hii ina masharti yake. Mpunga haungoji mtu. Ukikomaa, lazima uvunwe katika siku chache kabla haujaliwa na ndege, haujalala majini au kupukutika. Wakati huo kila nyumba inahitaji mikono, na zote zinaihitaji kwa siku zile zile. Ndipo wanaposhuka ndugu zetu kutoka milima ya Bundali na sehemu nyingine za Ileje. Ndipo wanapovuka mto ndugu zetu wa upande wa Karonga, ambao lugha yao na lugha ya wenyeji wa hapa ni karibu moja. Huja kulima, kupanda, kupalilia, kuamia ndege, kuvuna na kupura. Hulipwa kwa siku, kwa ngwe, au kwa debe la mpunga.

Msimu ukiisha, mambo hugeuka. Sasa ni vijana wa hapa hapa wanaofunga mizigo. Wako wanaopanda Rungwe kuchuma chai, wako wanaokwenda Kilombero ambako miwa huanza kukatwa masika yakiisha, na wako wanaoelekea machimbo ya dhahabu ya Chunya. Basi, mzee aliyekuwa mwajiri mwezi wa Juni huweza kuwa baba wa kibarua mwezi wa Agosti. Nalisema hili mapema kwa sababu ni rahisi kumdharau kibarua ukimdhania kuwa ni mtu wa mbali. Njisi haiwezi kusema hivyo. Namna tunavyomlipa na kumlaza mtoto wa Bundali ndiyo namna ambayo kwa haki tungestahili mtoto wetu alipwe na alazwe huko aendako.

Tulikotoka

Ndugu wananchi, hali hii haikuanza leo, na mwenye kutaka kuielewa lazima aangalie nyuma kidogo. Wakati wa ukoloni, sehemu hizi za Rungwe na Kyela zilikuwa chemchemi ya nguvukazi. Dhahabu ya Lupa, huko Chunya, katika miaka ya 1930 ilichimbwa kwa mikono ya vijana wengi waliotoka kwenye migomba na mpunga wa huku. Wengine walivuka mpaka kwenda kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Wengine waliandikishwa na chombo kilichojulikana kwa jina la Wenela, wakapelekwa kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Baada ya Uhuru wa 1961, Serikali ya Tanganyika ilikomesha uandikishaji huo.

Mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro nayo yalikuwa na ofisi yao ya kuwatafuta watu, iliyoanzishwa mwaka 1944 na kuitwa Silabu. Watu waliokusanywa namna hiyo waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Jina la mtu liliachwa nyumbani pamoja na mkewe na watoto wake.

Profesa Issa Shivji, katika kitabu chake cha 1986 juu ya sheria, dola na tabaka la wafanyakazi nchini, ameeleza siri ya mpango huo. Mwajiri alimlipa manamba ujira wa mtu mseja. Hesabu yake ilikuwa kwamba mke yuko kijijini, analima, analisha watoto, na atamlisha mume mwenyewe akirudi mgonjwa au mzee. Kwa maneno mengine, jembe la mama wa kijijini ndilo lililokuwa likilipia sehemu ya mkonge na dhahabu, na halikuandikwa katika daftari lolote.

Katika mpango kama huo, kumfundisha kibarua hakukuwa na maana. Mwenye shamba alitaka nguvu ya miezi michache, kisha mtu arudi kwao na nafasi yake ichukuliwe na mwingine mwenye nguvu mpya. Kibarua alifanya kazi miaka 20, akarudi kijijini akiwa na ujuzi ule ule aliokwenda nao, na mgongo uliopinda. Tusidhani, basi, kwamba ukosefu wa ujuzi kwa kibarua ni tabia yake ya asili. Mpango ulimtaka awe hivyo.

Swali linalotukabili sisi ni hili: Wenela imekwisha, Silabu imekwisha, manamba wamekwisha. Je, ile hesabu ya ujira wa mseja imekwisha? Tunapompa kibarua malipo ya siku bila kuuliza watoto wake wamelala wapi na wamekula nini, tunatumia hesabu ya nani?

Kazi ya kibarua ni kazi ya ujuzi

Yako mawazo yaliyoenea kwamba kazi ya kibarua haihitaji mafunzo, eti kila mwenye mikono anaweza kuifanya. Tuyapime mawazo hayo kwa mazao yetu wenyewe.

Chukueni kakao. Tunda likishavunwa na kupasuliwa, punje zake huvundikwa kwa siku kadhaa, huku zikigeuzwa kwa wakati wake, ndipo zikaanikwa juani mpaka zikauke sawasawa. Mtu asiyejua akizitoa mapema, au akaacha kuzigeuza, au akazianika ardhini zikashika uvundo wa moshi na udongo, ubora umekwisha na bei imeshuka. Mwaka 1 mzima wa jasho la mkulima unategemea siku chache za kazi ambayo mara nyingi huwa mikononi mwa kibarua. Mwaka 2024 bei ya kakao katika masoko ya dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla ya hapo. Wakati thamani ya punje ikipanda namna hiyo, ujuzi wa aliyezivundika ulithaminiwa kwa kiasi gani?

Chukueni dawa za kuulia wadudu na magugu. Anayebeba pampu mgongoni ni kibarua. Kipimo cha dawa, mwelekeo wa upepo, mavazi ya kujikinga, muda wa kungoja kabla ya mtu kuingia tena shambani, yote haya yameandikwa kwenye kibandiko cha chupa kwa herufi ndogo. Asiyesoma, au asiyeelezwa, huchanganya kwa kubahatisha. Akizidisha, huumia yeye na mlaji. Akipunguza, wadudu hawafi na mkulima amepoteza fedha. Kisha chupa tupu hupelekwa nyumbani kuwekea maji ya kunywa. Mafunzo ya asubuhi moja tu yangeweza kuzuia maafa haya.

Chukueni pawatila, mashine za kupura, mashine za kukamua mawese. Zikiharibika katikati ya msimu, siku za kumngoja fundi ni siku za hasara kwa kila mtu. Lakini miongoni mwa vibarua hao hao wako vijana ambao kwa kutazama tu wamejifunza kuzifungua na kuzirudisha. Hawana cheti, kwa hiyo hulipwa kama wabeba mizigo.

Kwa nini mafunzo humkosa

Nchi yetu haikukosa vyombo vya mafunzo. Tunayo VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Tunavyo Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi zaidi ya 50, na kimoja kiko Nzovwe, Mbeya. Tunacho kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole. Mbona basi kibarua havioni? Mimi naona sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni wakati. Kozi huanza Januari na kwisha Desemba, au hudumu miezi kadhaa mfululizo. Kibarua hana miezi kadhaa mfululizo. Mwaka wake umekatwa vipande na misimu: kupanda huku, kuvuna kule, miwa, chai, kisha njaa ya miezi miwili akiwa nyumbani bila kazi.

Sababu ya pili ni makazi. Ili kuingia katika kikundi kinachoweza kukopeshwa kutoka katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyotengwa kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, lazima kikundi kijulikane, kiandikishwe na kiwe na shughuli mahali fulani. Kibarua alikotoka husemwa ameondoka, na alikofika husemwa ni mgeni.

Sababu ya tatu ni fedha, na hii nataka tuitazame vizuri. Mafunzo ya ufundi nchini hugharamiwa kwa sehemu kubwa na tozo ya kuendeleza ujuzi inayolipwa na waajiri. Sheria inawasamehe tozo hiyo waajiri wa mashambani kwa wale wafanyakazi wanaofanya kazi ya shamba peke yake. Waajiri wenye watu wachache nao hawalipi. Nia ya msamaha ni njema, yaani kupunguza gharama za kilimo, nami sisemi mkulima mdogo wa Njisi atozwe. Lakini ni lazima tuone matokeo yake. Kazi inayowachukua watu wengi kuliko zote nchini ndiyo isiyochangia mfuko wa mafunzo, na kwa kuwa haichangii, hakuna mtu mezani anayeuliza, "Na wa shambani je?" Msamaha wa mwajiri umegeuka kuwa usahaulifu wa kibarua. Haki ingekuwa kumsamehe mkulima, kisha sehemu ya mfuko huo itengwe waziwazi kwa ajili ya mafunzo ya vibarua wa kilimo, kwa sababu viwanda vinavyolipa tozo hiyo husaga mpunga na kusindika miwa iliyopita mikononi mwao.

Tumewahi kuweza

Wako watakaosema kwamba haiwezekani kumfundisha mtu asiyetulia. Historia yetu inawakatalia. Mwaka 1967, watu wazima wapatao theluthi mbili hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa yalifanyika chini ya miembe, katika maghala, mashambani na viwandani, jioni na alasiri, kwa kufuata saa za kazi za wananchi. Kufikia mwaka 1986, kwa hesabu za Serikali, wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hadi chini ya asilimia 10.

Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kuizunguka redio, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Mwaka huo huo vikaanzishwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa kuiga mfano wa Sweden, ili mtu mzima apate ujuzi bila kuulizwa alifaulu mtihani gani.

Somo la juhudi hizo ni rahisi. Mwanafunzi hakuambiwa alifuate darasa. Darasa lilimfuata mwanafunzi, likachagua saa yake na lugha yake. Leo tunayo hata redio ndogo ndani ya simu ya mkononi, ambayo kibarua huibeba kutoka Njisi hadi Kilombero. Tumekuwa na vyombo bora kuliko wale waliotutangulia. Kilichopungua ni mpango.

Wala jambo hili si la nchi maskini peke yake. Mwezi wa Novemba 1960, mtangazaji Edward R. Murrow aliwaonyesha Wamarekani katika televisheni jinsi vibarua wanaofuata mavuno kutoka jimbo hadi jimbo walivyoishi katika nchi yao tajiri. Mwaka 1962 ikapitishwa sheria ya kugharamia zahanati kwa ajili yao, na mwaka 1966 zikatengwa fedha za elimu ya watoto wao. Shida zao hazikwisha, lakini msingi ulikubaliwa: mtu anayehama kwa ajili ya chakula cha wengine, huduma zihame pamoja naye.

Sheria inasema nini

Ndugu viongozi, kabla hatujaomba sheria mpya, tuzijue zilizopo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikumwacha kibarua nje kabisa. Inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, isipokuwa yule anayemfanyia kazi chini ya siku sita kwa mwezi. Asiyeelewa maandishi hayo ana haki ya kuelezwa kwa namna anayoielewa. Ukitokea ugomvi mbele ya vyombo vya sheria na mwajiri akakosa maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha makubaliano huwa juu ya mwajiri. Sheria hiyo inatambua pia kwamba mfanyakazi wa msimu anastahili likizo yenye malipo, ijapokuwa hajafikisha miezi sita. Na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, uliwekwa kwa ajili ya mtu anayeumia kazini.

Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba mtu ambaye hajafikisha miezi sita kwa mwajiri mmoja hana kinga dhidi ya kuachishwa kazi bila haki. Msimu wa mpunga haufiki miezi sita. Na madai ya malipo lazima yafikishwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Fikirini kibarua aliyedhulumiwa debe tatu za mpunga, ambaye amesharudi milimani au amekwisha kwenda kwenye miwa. Nauli ya kufuata madai yake inazidi madai yenyewe. Haki iliyo mbali kuliko nauli haimfikii mnyonge.

Kwa aliyevuka mto hali ni ngumu zaidi. Sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wageni inataka kibali. Asiye na kibali huogopa kudai hata alichokitolea jasho, na mwajiri asiye na haya huijua hofu hiyo. Mimi sisemi sheria ya mipaka ivunjwe. Nasema kwamba kazi ikishafanywa, ujira ni deni, na deni halina uraia.

Mama na mtoto

Nimeombwa nizungumze juu ya jamaa za vibarua, nami sitaki nilipitie jambo hili juu juu. Mavuno ya mpunga huanguka Mei hadi Julai, wakati shule ziko katikati ya mwaka. Ndege hawaendi likizo. Mtoto anayeamia ndege tangu alfajiri hawezi kuwa darasani saa mbili. Sheria inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliyefikisha umri huo aruhusiwe kazi nyepesi tu isiyomzuia kwenda shule. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, kisingizio cha karo kilikwisha. Kilichobaki ni kisingizio cha msimu.

Mtoto wa kibarua hupata hasara mara mbili. Nyumbani jina lake liko katika daftari la mahudhurio lakini hayupo; huku yupo lakini jina lake halipo. Binti akikaa nje ya shule miezi mitatu, katika mabanda ya kulala watu wengi, aghalabu harudi. Waraka wa mwaka 2021 umewafungulia tena mlango wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya kujifungua, na vyuo vya wananchi vinawapokea. Ni jambo la kheri. Hata hivyo, kuzuia ni bora kuliko kuponya.

Mama naye huvuna akiwa na mtoto mgongoni, ndani ya maji yenye mbu na konokono wa kichocho. Kadi ya kliniki imebaki nyumbani. Chanjo imepitwa na tarehe. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Hapana budi tuulize tangu sasa, katika utekelezaji wake, kibarua ataandikishwa wapi na atatibiwa wapi: anakotoka, au anakougulia?

Tuanzie wapi

Ndugu wananchi, mtu mzima hapendi kusikiliza malalamiko matupu. Naomba nipendekeze mambo matano yanayoweza kuanzia hapa Njisi bila kungoja mtu kutoka Dodoma.

La kwanza, kila kijiji kiwe na daftari la vibarua wa msimu. Liandikwe jina la mtu, anakotoka, kazi aliyopewa, malipo yaliyokubaliwa, kipimo kitakachotumika na siku ya kulipwa, pamoja na watoto aliokuja nao. Pande zote mbili zitie sahihi au dole gumba. Kwa ukurasa mmoja tu mwajiri atakuwa ametimiza sheria, kibarua atakuwa na ushahidi, mwalimu atajua kuna watoto wangapi, na muuguzi atajua chanjo ngapi zinahitajika. Debe la kupimia nalo liwe moja, lililokaguliwa, lisilo na kishimo wala lumbesa.

La pili, yawepo mafunzo mafupi ya aina mbili. Kabla ya kazi, asubuhi moja juu ya dawa, usalama, kichocho na haki za kazi. Baada ya mavuno, mwezi wa Julai na Agosti, wiki mbili au tatu juu ya kuvundika kakao, kupogoa miti, kutengeneza pampu na pawatila, na kuweka hesabu. Mabwana shamba, chama cha msingi na wataalamu wa Uyole waombwe waje. Wataalamu hao hukusanyika kila mwaka mwanzoni mwa Agosti katika uwanja wa John Mwakangale, Mbeya, kwa maonyesho ya Nane Nane. Si haba wakishuka bondeni siku chache baada ya hapo.

La tatu, tuialike VETA ituletee ule mpango wake wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Kwa mpango huo fundi wa kujifunza kwa kutazama hupimwa kwa vitendo, akionekana anaweza hupewa cheti. Kijana wa pawatila niliyemtaja hahitaji miaka miwili ya chuo. Anahitaji kupimwa, na kadi atakayoweza kuionyesha huko Kilombero.

La nne, pawe na mahali pa watoto. Wakulima wa kitongoji kimoja wakichangiana, wanaweza kumlipa mama mmoja mwaminifu awalee wadogo kivulini na kuwapikia uji wakati wa mavuno. Wale wa umri wa shule wapokelewe madarasani kwa barua ya mwalimu wao wa nyumbani, bila kuulizwa sare. Walimu wa Ileje na Kyela ni majirani, hawashindwi kuandikiana.

La tano, vibarua wenyewe wajiunge. Kikundi cha watu kumi wanaotembea pamoja msimu hadi msimu kinaweza kuweka akiba, kupatana bei kwa sauti moja, na kumsindikiza mwenzao anayedai haki yake. Mtu mmoja mlangoni kwa tajiri ni mwombaji. Watu kumi ni wenye kupatana.

Masuala mawili

Nimekwisha kuyasikia masuala mawili, na ni haki kuyajibu. La kwanza ni la mkulima: "Mimi mwenyewe ni maskini, nitayatoa wapi haya?" Ni kweli, mkulima wetu si bwana wa mkonge. Lakini kati ya mambo matano niliyoyataja, mengi yanahitaji daftari, kalamu, kivuli na kusikilizana. Na mkulima anayepoteza gunia kwa kuvunwa vibaya, au bei ya kakao kwa kuvundikwa vibaya, tayari anayalipia mafunzo ambayo hayakutolewa.

La pili ni lile lisemalo, "Ukimfundisha kibarua atahama, atakwenda kwa mwingine." Naam, atahama, na huhama hata asipofundishwa. Tofauti ni kwamba akihama na ujuzi, yule anayekuja kwako kutoka kwingine naye atakuwa amefundishwa kwingine. Njisi ikimfundisha wa Ileje, na Kilombero ikimfundisha wa Njisi, hakuna aliyepoteza. Na siku moja kibarua mwenye ujuzi na akiba kidogo hukodi ekari yake, au hufungua banda lake la ufundi, akaacha kuwa kibarua. Hilo lisitutie hofu. Ndilo lengo lenyewe.

Ndugu Mwenyekiti, wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Kibarua wetu amechuma juani miaka mingi, na kivuli hajakiona, kwa kuwa kila akimaliza kuchuma huambiwa safari imewadia. Msimu ujao watashuka tena kutoka Bundali, watavuka tena Songwe, na vijana wetu watafunga tena mizigo. Nawaomba viongozi wa vijiji mliomo humu ndani, kabla ya mvua za kwanza, kila mmoja anunue daftari moja na aandike ukurasa wa kwanza. Hayo mengine tutakuwa na mahali pa kuyaanzia.